Swali la Maitreyi: Umoja na Sehemu Zake, kutoka Videha hadi Ulaya

Videha ilikuwa nchi ya wafalme wapenda mijadala, pale ambapo leo jimbo la Bihar la India linapakana na Nepal. Huko, kwa mujibu wa Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi kongwe kabisa, maandiko matakatifu ya Kihindu, aliishi mwalimu Yajnavalkya na wake zake wawili, Katyayani na Maitreyi. Alipoamua kuuacha mji wake na kushika maisha ya utawa, alitaka kwanza kuwagawia mali. Maitreyi akamuuliza: je, hata kama dunia nzima na utajiri wake ingekuwa yake, angeepuka kifo? Mume akakiri kwamba asingeepuka. Basi mke akasema mali haimfai. Afundishwe kile anachokijua mumewe.

Somo lililofuata linabishaniwa hadi leo. Yajnavalkya alimweleza kwamba kila tukipendacho, awe mwenzi, wawe watoto, iwe mali au hata miungu, tunakipenda kwa ajili ya Nafsi, yaani atman, iliyo moja katika vyote. Akatoa mfano wa bonge la chumvi lililotupwa majini: likishayeyuka hakuna awezaye kuliokota, lakini popote utakapoonja maji utakuta chumvi. Ndivyo ilivyo dhati hiyo isiyo na mpaka. Na mtu akishaondoka, hakuna tena fahamu iliyobaki. Hapo Maitreyi alimwambia wazi kwamba amemchanganya. Yajnavalkya akajibu kwamba kuona kunahitaji wawili, anayeona na anayeonwa. Mambo yote yakishakuwa Nafsi moja, nani atamwona nani? Kisha, katika mapokeo yote mawili ya kisa hicho, mazungumzo yanafungwa, na katika mojawapo mzee anashika njia. Maitreyi hapewi nafasi ya kusema kama ameridhika.

Mimi nadhani hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki. Swali lake, ukilifungua, ni hili: mkishasema vyote ni kimoja, kile kidogo kilichokuwa kikiuliza kiko wapi? Historia ya wazo la umoja, huko India na huko Ulaya, inasomeka vizuri zaidi kama mfululizo wa majibu kwa mama huyu. Inasomeka vibaya sana ukianza na ile kauli iliyozoeleka kwamba watu wa Mashariki huona umoja na watu wa Magharibi hukatakata vitu vipande vipande. Kauli hiyo ni changa. Ilipata umbo lake katika karne ya 19, na tutawaona walioiunda.

Kwanza, Uhindu wenyewe haukuwahi kuwa na sauti moja juu ya jambo hili. Katika Upanishadi ya Chandogya, Uddalaka anamfundisha mwanawe Svetaketu, kijana aliyerudi masomoni akiwa na miaka 24 na majivuno tele, kwa chumvi ile ile: aitie majini usiku, asubuhi aonje juu, katikati na chini. Anamwambia pia apasue tunda la mtini, kisha apasue mbegu yake, aseme anaona nini ndani. Haoni kitu, na katika hicho asichokiona, baba anasema, ndimo mti mkubwa ulimotoka, na ndicho alicho yeye mwenyewe. Fundisho hilo linarudiwa mara tisa. Lakini pembeni ya Upanishadi zilikua shule za falsafa zilizohesabu tofauti kabisa. Samkhya ilisema misingi ni miwili, roho zinazoshuhudia na maumbile yanayotenda, na roho zenyewe ni nyingi. Vaisheshika iliujenga ulimwengu kwa chembe zisizogawanyika. Hizi nazo ni falsafa za Kihindu, na zilikuwa na walimu wakali kama wengineo.

Gari la mfalme

Nyaya, shule ya wanamantiki, iliuchukua umoja kutoka upande ambao wapenzi wa mambo ya kiroho huwa hawaujali: umoja wa kitu cha kawaida. Chungu ni kitu kimoja, au ni jina tu tunalolipa rundo la vipande vya udongo?

Wapinzani wao wakubwa hapa walikuwa Wabuddha. Mfano maarufu wa Kibuddha umo katika kitabu kiitwacho Milindapañha, mazungumzo kati ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda. Milinda huyo ni Menander, mfalme wa asili ya Kigiriki aliyetawala kaskazini magharibi mwa India katika karne ya 2 KK. Mfalme alikuja kwa gari la farasi. Mtawa akamuuliza: je, mhimili ndio gari? Magurudumu je? Nira? Hatamu? Zote pamoja? Au kuna gari jingine nje ya hivyo? Mfalme alikana kila kimoja, mpaka akakubali kwamba gari ni jina la kutumia tu, na Nagasena akamwonyesha kwamba hata mtu ni vivyo hivyo: mkusanyiko wenye jina, bila nafsi ndani yake.

Wanamantiki wa Nyaya walijibu kwa ushahidi wa mikono. Ukishika ukingo wa chungu ukauvuta, chungu chote kinakuja. Rundo la mchanga halifanyi hivyo. Kwa hiyo kuna kitu kizima, na si jumla ya vipande vyake tu. Kisingekuwepo, hata macho yasingeona lolote, kwa sababu chembe moja moja hazionekani. Mjadala huu uliendelea kwa karne nyingi, na ni vigumu kuusoma bila kutambua jinsi unavyokaribiana na kurasa za Aristotle. Katika kitabu cha saba cha Metafizikia yake, Aristotle anasema silabi si herufi zake tu: herufi zikitawanywa zipo bado, silabi haipo tena. Kuna kitu kinachozishika pamoja, na hicho si herufi nyingine ya kuongeza kwenye orodha.

Ugiriki nayo ilikuwa imeanza na umoja mkali kuliko wowote wa India. Parmenides wa Elea, mji wa Kigiriki kusini mwa Italia, alitunga mwanzoni mwa karne ya 5 KK utenzi uliodai kwamba kilichopo ni kimoja, hakikuzaliwa, hakitakufa, hakisogei, na kimekamilika pande zote. Mabadiliko na wingi ni maoni ya wanadamu wasiofikiri. Mwanafunzi wake Zeno alitunga mafumbo ya kuwaaibisha waliocheka, likiwamo lile la Achilles asiyeweza kumfikia kobe. Wagiriki waliofuata walitumia nguvu nyingi kujinasua. Plato alimheshimu Parmenides na kumwogopa kwa wakati mmoja. Aristotle aliuzuia umoja huo hata katika siasa, akimkosoa Plato kwa kutaka mji uwe kitu kimoja mno, maana mji ukizidi kuwa mmoja huacha kuwa mji. Sauti nyingi zinazopatana, alisema, si sawa na wote kuimba noti moja. Hata hivyo Aristotle huyo huyo, katika kitabu alimotolea hoja hiyo, Siasa, aliandika kwamba watu wengine kwa maumbile yao ni watumwa, na kwamba mtumwa ni kama sehemu hai ya bwana wake. Kitu kizima kilikuwa kimepata mwenyewe.

Huo ujinga ni wa nani?

Jibu kubwa la India kwa Maitreyi lilitoka kusini. Shankara, ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Kaladi katika Kerala ya leo na wanazuoni wengi wanamweka karne ya 8, alikufa kijana kwa mujibu wa wafuasi wake, akiwa na miaka 32 tu, baada ya kuandika ufafanuzi wa Upanishadi kuu, wa Bhagavad Gita na wa Brahmasutra. Fundisho lake ni advaita, yaani kutokuwa na uwili. Kuna Brahman peke yake, yaani ukweli wa mwisho, isiyo na sifa wala sehemu. Ulimwengu wa wingi unaonekana kama nyoka anavyoonekana gizani mahali ambapo kuna kamba. Taa ikiletwa, nyoka haendi popote, kwa sababu hakuwepo. Vivyo hivyo nafsi ndogo ya mtu: haiyeyuki ndani ya ile kubwa, kwa kuwa haikuwahi kuwa kitu kingine. Shankara hakusema dunia ni bure kama wengine wanavyomsingizia. Alitofautisha ukweli wa mwisho na ukweli wa shughuli za kila siku, na katika huo wa pili moto unaunguza na deni linalipwa.

Jibu hilo lina uzuri wa kutisha. Maitreyi hapotezi chochote kwa sababu hakuwahi kuwa Maitreyi. Lakini miaka 300 hivi baadaye, huko Srirangam katika nchi ya Watamil, Ramanuja aliuliza swali ambalo hadi leo wafuasi wa Shankara wanalihangaikia: huo ujinga unaotufanya tuone nyoka, ni wa nani? Ukisema ni wa Brahman, basi ukweli wa mwisho ni mjinga. Ukisema ni wa nafsi ya mtu, nafsi hiyo yenyewe ni zao la ujinga. Itaumilikije kabla ya kuwepo? Ramanuja alipanga hoja saba za aina hiyo.

Badala yake alileta umoja wenye sehemu za kweli. Roho zote na maumbile yote ni mwili wa Mungu, naye ni roho yao. Kama mwili wako usivyo wewe mwingine, wala si kitu kisichokuhusu, ndivyo tulivyo kwake: tuko kweli, wengi kweli, na hatuwezi kuwepo bila yeye. Umoja wa namna hii unaruhusu kupenda, kwa sababu kupenda kunahitaji wawili, na hapa Ramanuja anageuza maneno ya Yajnavalkya juu chini. Katika karne ya 13 Madhva wa Udupi aliona hata hilo ni kulegeza kamba. Alihesabu tofauti tano za milele: Mungu na roho, Mungu na maada, roho na roho, roho na maada, maada na maada. Wote watatu, Shankara, Ramanuja na Madhva, walidai kusoma vitabu vile vile na kuvielewa sawasawa.

Kuna jambo jingine, ambalo vitabu vya utangulizi hupenda kulipita. Wafuasi wa Shankara husimulia kwamba siku moja katika vichochoro vya Kashi, yaani Benares, alimwamuru mtu wa tabaka la wasioguswa ampishe njia, naye akamjibu kwa swali: nani apishe, mwili huu uliotokana na chakula kama wako, au Nafsi iliyo moja? Shankara akamsujudia. Ni kisa kizuri. Lakini katika ufafanuzi wake wa Brahmasutra, maandishi ambayo hakuna anayetilia shaka kuwa ni yake, Shankara anawanyima Washudra, tabaka la nne, haki ya kusoma Veda. Ramanuja naye, ambaye wafuasi wake wanasimulia kwa fahari jinsi alivyopanda mnara wa hekalu akatangaza mantra ya siri kwa kila mpita njia, aliufunga mlango huo huo katika ufafanuzi wake. Tena aliongeza dongo: wafuasi wa umoja mtupu, alisema, hawana sababu ya kuwazuia Washudra, kwa maana kama ujinga unaondolewa kwa kulijua neno tu, yeyote alisikiaye atakombolewa. Alikuwa sahihi kabisa. Aliisema kama hoja ya kuwaumbua wapinzani, na haikumgusa mwenyewe.

Kupitia Baghdad na Delhi

Je, India na Ugiriki zilisikizana? Megasthenes, balozi wa mfalme Seleucus huko Pataliputra yapata mwaka 300 KK, aliandika juu ya Wabrahmin, na Pyrrho alifika India pamoja na msafara wa Alexander. Zaidi ya hapo ushahidi ni mwembamba. Ulio wa kusisimua ni wa Plotinus, mwanafalsafa aliyesoma Alexandria nchini Misri. Porphyry, mwanafunzi wake, anasimulia kwamba mwaka 243, akiwa katika mwaka wa 39 wa umri wake, alijiunga na jeshi la kaisari Gordian III lililokwenda kupigana na Waajemi, kwa shauku ya kujifunza falsafa ya Uajemi na ya India. Kaisari akauawa Mesopotamia, na Plotinus akaponea chupuchupu hadi Antiokia, kisha Roma. India hakuiona. Lakini mafundisho aliyoandika Roma, maandiko 54 ambayo Porphyry aliyapanga katika makundi sita ya tisa tisa, yanakaribiana na Upanishadi kiasi kwamba watu hawaachi kutafuta daraja lililokosekana: kuna Mmoja aliye juu ya kuwepo na juu ya akili, vyote vinabubujika kutoka kwake bila yeye kupungua, na roho yaweza kurudi na kuungana naye. Porphyry anasema mwalimu wake alifikia muungano huo mara nne katika miaka waliyokuwa pamoja.

Daraja la kweli lilijengwa baadaye, na lilijengwa kwa Kiarabu. Katika karne ya 9, kwenye duara la wanazuoni wa al-Kindi huko Baghdad, Mkristo wa Homs, Ibn Na'ima al-Himsi, alitafsiri sehemu za maandiko ya Plotinus. Kazi hiyo ikasambaa kwa jina la Theolojia ya Aristotle, kosa la jina lililozaa matunda mengi, kwani al-Farabi na Ibn Sina waliisoma kama kazi ya mwalimu wa kwanza, yaani Aristotle. Kisha al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm aliyechukuliwa na Sultani Mahmud hadi Ghazni, alijifunza Kisanskriti, akaitafsiri Yogasutra ya Patanjali kwa Kiarabu, na mnamo mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake kikubwa juu ya India. Humo anayaweka mawazo ya Wahindu kando ya yale ya Wagiriki na ya Masufi, bila kejeli, akionyesha yanapokutana na yanapoachana. Ninavyojua mimi, ulinganisho wa aina hiyo uliofanywa na mtu anayezisoma pande zote mbili ulikuwa haujafanyika kabla yake, na Ulaya haikufanya mfano wake kwa zaidi ya miaka 700.

Ndani ya Uislamu wenyewe swali la Maitreyi lilizuka tena. Wafuasi wa Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, walifundisha wahdat al-wujud, umoja wa kuwepo: hakuna kilichopo kwa hakika ila Mungu. Ahmad Sirhindi, shehe wa Kinaqshbandi huko India aliyefariki mwaka 1624, alipinga. Umoja huo, alisema, ni wa kushuhudia, wahdat al-shuhud. Mja anaona Mmoja tu kama vile mchana mtu haoni nyota ila jua, lakini nyota zipo. Ukiwasoma Shankara na Ramanuja halafu ukawasoma hawa wawili, unadhani umeingia chumba cha pili cha nyumba ile ile.

Mwana mfalme Dara Shikoh, mtoto mkubwa wa Shah Jahan, alidhani hivyo kweli. Aliandika kitabu alichokiita Majma al-Bahrain, makutano ya bahari mbili, kulinganisha istilahi za Masufi na za Wahindu. Mwaka 1657, kwa msaada wa wanazuoni wa Benares, alikamilisha Sirr-i Akbar, tafsiri ya Kiajemi ya Upanishadi 50, akiamini kwamba hizo ndizo kitabu kilichohifadhiwa kinachotajwa ndani ya Kurani. Miaka miwili baadaye mdogo wake Aurangzeb, aliyemshinda katika vita vya kugombea kiti, aliamuru auawe, na ukengeufu wa dini ukawa miongoni mwa mashtaka.

Wakati huo huo upande mwingine wa dunia, Julai 1656, Wayahudi wa Amsterdam walimtenga kijana wa miaka 23 aitwaye Baruch Spinoza. Yeye na Dara hawakuwahi kusikiana. Kitabu cha Spinoza, Ethica, kilichochapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake, kinathibitisha kwa mtindo wa jiometria kwamba kuna dhati moja tu, Mungu au Maumbile, na kwamba mimi na wewe ni namna zake tu za kujitokeza. Hapo Ulaya nayo ilipata Shankara wake, ingawa Spinoza hakuuita ulimwengu wa wingi kivuli. Kila namna ina nguvu yake ya kujishikilia katika kuwepo.

Aliyewaunganisha wawili hao bila kukusudia ni tabibu Mfaransa, François Bernier, aliyemtibia Dara kwa muda mfupi wakati mwana mfalme akikimbia. Katika barua ya mwaka 1667 Bernier aliwaeleza Wafaransa fundisho la wasomi wa Kihindu: Mungu huutoa ulimwengu mwilini mwake kama buibui atoavyo utando, na kuurudisha ndani atakapo. Alilieleza kwa dharau. Pierre Bayle akalinyakua katika kamusi yake ya mwaka 1697, kwenye makala juu ya Spinoza, kama ushahidi kwamba upotovu wa Mholanzi haukuwa mpya. Hatimaye buibui huyo akatua katika Mazungumzo ya David Hume, yaliyochapishwa mwaka 1779, akiwa kichekesho cha kifalsafa: kama sayari nzima ingekaliwa na buibui, anasema mmoja wa wasemaji, asili hiyo ya ulimwengu ingeonekana jambo la kawaida. Mtu wa Mundaka, Upanishadi ambamo buibui huyo anaonekana, asingemtambua.

1893

Tafsiri ya Dara ilifika Ulaya kwa njia ya Kilatini. Anquetil-Duperron aliitoa kwa kitabu cha juzuu mbili mwaka 1801 na 1802. Mwaka 1814 kijana Arthur Schopenhauer aliazima nakala katika maktaba ya Weimar, na hakuacha kuisoma hadi uzeeni. Hata mbwa wake aliwapa jina la Atma. Kwake, kugundua kwamba tofauti kati yangu na wewe ni pazia ndiyo asili ya huruma: ninapokuumiza, ninajiumiza mwenyewe. Hegel aliona kinyume. Katika makala yake ya mwaka 1827 juu ya Gita na katika mihadhara yake, aliushtaki umoja wa India kuwa mtupu, bahari ambamo mtu binafsi anazama asionekane tena, ilhali kitu kizima cha kweli, yaani cha Ulaya, kinazibeba tofauti zake ndani. Hegel, tukumbuke, ndiye pia aliyeitoa Afrika nje ya historia kwa kurasa chache. Hakuwa amemsoma Ramanuja, ambaye angemkuta amekwisha kusema, karne saba kabla, jambo lililo karibu sana na analodai kuwa ni la kwake. Kutokana na mapenzi ya Schopenhauer na dharau ya Hegel ilizaliwa ile kauli kwamba Mashariki ni umoja na Magharibi ni utengano. Waliogombana walikubaliana juu ya picha.

Wahindi wasomi waliichukua picha hiyo wakaigeuza kuwa silaha. Mwaka 1893 ulikuwa na mambo mengi. Februari, Paul Deussen, mwanafunzi wa fikra za Schopenhauer, alihutubia Bombay na kuwaambia wenyeji wake kwamba fundisho la Uddalaka kwa Svetaketu ndilo msingi wa kumpenda jirani kama nafsi yako. Mei, mwanasheria kijana aitwaye Gandhi alishuka melini Durban. Septemba, Swami Vivekananda alisimama katika Bunge la Dini la Chicago na kuwavuta Wamarekani kwa Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi. Na huko Oxford mwaka huo huo F. H. Bradley alichapisha kitabu kikubwa cha kuthibitisha kwamba uhalisi ni mmoja na mahusiano yote yanajipinga.

Miaka mitatu baadaye Vivekananda alimtembelea Deussen mjini Kiel. Mtaalamu wa Ujerumani Paul Hacker alidai baadaye kwamba huko ndiko Vivekananda alikopata ile advaita yake ya kuhudumia maskini, kwa maana Shankara hakuwa ametoa hitimisho hilo. Dai hilo limepingwa, na kwa sababu nzuri: Vivekananda alikuwa na mwalimu wake Ramakrishna, na macho yake mwenyewe yaliyoiona njaa ya India. Hata hivyo si aibu kwa wazo kusafiri Kiajemi, Kilatini na Kijerumani na kurudi nyumbani limebeba kitu.

William James hakushawishika. Katika mihadhara yake ya mwaka 1907 alimtaja Vivekananda kuwa kilele cha wafuasi wa umoja, akakubali kwamba fundisho hilo linaleta utulivu mkubwa, kisha akasema dunia anayoiona yeye imeunganishwa hapa na kuachana pale, na umoja wake ni kazi ambayo haijakamilika. Nikilazimishwa kuchagua, ninakaa karibu na James. Lakini alikuwa profesa wa Harvard, na umoja uliokuwa ukimsumbua ulikuwa wa vitabuni.

Katika Afrika Kusini ulikuwa wa sheria. Jan Smuts anakumbukwa Kenya na Tanzania kama jenerali aliyeongoza majeshi ya Uingereza mwaka 1916 dhidi ya jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, kutoka Kilimanjaro kuelekea kusini, huku wapagazi wakifa kwa maelfu katika vita hivyo. Mwaka 1926 alitoa kitabu kilichoasisi falsafa ya holizimu: kwamba maumbile, kuanzia chembe hadi seli hadi akili ya mtu, yana mwelekeo wa kujenga vitu vizima ambavyo ni zaidi ya jumla ya sehemu zao. Miaka mitatu baadaye alikuwa Oxford akihutubia kwamba Waafrika wawe na taasisi zao kando na za Wazungu, kila watu mahali pao. Hakuona mgongano. Kitu kizima kina viungo vya juu na vya chini, na kila kiungo kina kazi yake. Gandhi, ambaye Smuts alimfunga jela na ambaye alimshonea Smuts kandambili za ngozi kabla ya kuondoka mwaka 1914, alitangaza mara nyingi kwamba anaamini advaita, umoja wa wanadamu na wa viumbe vyote. Alipigana na unajisi wa kuguswa. Lakini kwa miaka mingi aliutetea mgawanyo wa kale wa kazi kwa ukoo, kwa hoja ambayo Smuts angeielewa bila shida.

B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa wasioguswa, aliikataa hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 1936, hotuba iliyofutwa na waandaaji wake kabla ya kutolewa, akaichapisha kwa fedha zake. Katika maandishi mengine yaliyotoka baada ya kifo chake aliandika jambo lisilotarajiwa kutoka kwake: fundisho kwamba Brahman ni moja katika kila mtu lingeweza kuwa msingi imara wa demokrasia, imara kuliko fundisho kwamba wote ni watoto wa Mungu mmoja. Kisha akauliza kwa nini waliolifundisha hawakujenga demokrasia hiyo, wakajenga tabaka.

Mwaka 1945 Smuts aliandika rasimu ya utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata India ilimshtaki mbele ya Baraza Kuu la umoja huo huo, New York, kwa sheria za ardhi dhidi ya Wahindi wa Afrika Kusini, ujumbe wake ukiongozwa na Vijaya Lakshmi Pandit. Desemba 8, 1946, India ilishinda kwa kura 32 dhidi ya 15. Mwaka 1948 Smuts aliangushwa katika uchaguzi na wale walioona hata utengano wake ni mlegevu. Katiba ya India, ambayo Ambedkar aliongoza kamati ya kuiandika, ilipiga marufuku unajisi wa kuguswa katika kifungu chake cha 17. Oktoba 14, 1956, mjini Nagpur, pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi, Ambedkar aliuacha Uhindu na kuingia dini ya Nagasena, dini isiyokubali kuwepo kwa Nafsi hiyo moja.